Sura ya Nne: Bomba Linapogonga Usiku

Julai ya Arusha si ya kuchezea. Mawingu hushuka kutoka Mlima Meru yakajilaza juu ya Ilboru na Sekei mpaka saa sita mchana, manyunyu hayaishi, na alfajiri kipimajoto husoma digrii kumi na kitu. Pamoja na baridi hiyo, nyumba za mji huu hazina mtambo wa kupasha vyumba joto kama nyumba nyingi za nchi za baridi, ambako joto huzungushwa kutoka tanuru moja hadi kila chumba. Huku watu huvaa sweta na kujikunja chini ya blanketi mbili, na nyumba chache za zamani kwenye mashamba ya kahawa zina meko ya kuni sebuleni. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, jambo la hatari kubwa: kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huua mtu usingizini.

Joto linalosafiri ndani ya nyumba ya Arusha ni la maji ya kuoga. Tazama mapaa ya Njiro, Moshono au Olasiti. Simtanki limekaa juu ya mnara wake, kando yake kuna sola yenye safu ya mirija ya kioo, na chini ya paa kuna hita ya lita 50 au 100, au shawa ya umeme bafuni. Pampu ndogo imejificha nyuma ya jiko. Mabomba ya plastiki ya PPR, ya kijani, yamefukiwa ukutani na kufunikwa kwa lipu na marumaru. Vyote hivyo ni mtambo mmoja, ingawa mara nyingi vimefungwa na mafundi watatu ambao hawakuwahi kuonana: wa bomba, wa umeme na wa sola. Siku mtambo unapoanza kupiga kelele, kila mmoja humtupia mwenzake mpira.

Fundi bomba mzoefu haanzi na sauti yenyewe. Mwenye nyumba hupenda kuiigiza: inafanya du-du-du, halafu krrr, halafu inanyamaza. Fundi humsikiliza kwa adabu, kisha anauliza: “Mama, inagonga saa ngapi? Na nani alikuwa anatumia maji?”

Maswali hayo mawili yana uzito kuliko uigizaji wote. Sauti ndani ya bomba la chuma husafiri karibu mita 5,000 kwa sekunde, ikapenya kwenye vibano, ukuta na dari, hivyo sikio la mtu aliyelala haliwezi kujua imeanzia wapi. Kishindo cha bafuni husikika kana kwamba kiko chini ya kitanda. Wakati, kwa upande wake, haudanganyi. Kuna kelele zinazotokea koki inapofungwa. Kuna zinazotokea maji yanaporudi baada ya kukatika. Nyingine hutokea maji yanapopata moto au yanapopoa, na nyingine hutokea nyumba nzima imelala, hakuna aliyegusa kitu. Ukishajua kelele yako ni ya wakati gani, nusu ya kazi imekwisha, na hujabomoa hata marumaru moja.

Nusu iliyobaki hufanywa kwa bisibisi refu. Ncha yake hugusishwa kwenye bomba na mpini ukabanwa kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Chuma hubeba mtetemo hadi kwenye fuvu na kelele za barabarani zikaachwa nje. Fundi huhamisha ncha kutoka elbo hadi elbo, kutoka koki hadi koki, na pale mlio unapokuwa mkali kuliko kwingine ndipo penye shughuli. Kwenye mabomba ya plastiki mbinu hii hupungua nguvu, kwa kuwa plastiki hunyonya sauti, lakini kwenye koki za shaba, pampu na tumbo la hita bado inasema kweli.

Tuanze na kelele ya kufunga koki, kwa sababu ndiyo inayovunja vitu.

Maji yanayokwenda kasi bombani yana uzito na mwendo. Yakizuiwa ghafla hayana pa kwenda, na mwendo ule hugeuka presha inayorudi nyuma kama wimbi, ikagonga kona ya kwanza, ikarudi tena mbele. Mafundi husema maji yanagonga. Aliyelipigia hesabu jambo hili hadi likaeleweka alikuwa Mrusi, Nikolai Zhukovsky, aliyefanya majaribio kwenye mabomba ya maji ya jiji la Moscow na kuchapisha matokeo yake mwaka 1898. Kwa hesabu yake, maji yanayotembea mita moja kwa sekunde ndani ya bomba la chuma yakikatizwa ghafla huzaa presha ya ziada ya karibu baa 12, juu ya ile iliyokuwamo. Hita nyingi za nyumbani zimetengenezwa kuvumilia baa sita hadi nane. Bomba la PPR lina nafuu kwa kuwa ni laini na hutanuka kidogo, hivyo kishindo chake huwa kidogo kuliko kile cha chuma. Hata hivyo kinatosha kulegeza maungio na kupasua fleksibo ya sinki.

Sasa mteremko wa Meru unaingia kwenye hesabu. Arusha imelala mgongoni mwa mlima wa mita 4,566, na mji wenyewe, ulio kwenye mita 1,400 hivi, unashuka kutoka kaskazini kwenda kusini. Kila mita kumi za kushuka huongeza karibu baa moja kwenye bomba. Nyumba iliyo mita 60 chini ya tenki linaloilisha hupata takriban baa sita maji yakiwa yametulia. Mchana watu wengi wanapofungua koki, sehemu ya presha hiyo huliwa na msuguano njiani. Saa nane usiku, mtaa mzima ukiwa umelala, presha hurudi yote. Ndiyo maana bomba lililokuwa kimya jioni linagonga mtu anapotoka msalani usiku wa manane, na wenye nyumba hubaki wakisema ni mambo ya kishirikina.

Kwa hiyo jambo la kujua mapema ni koki ipi inalishwa na nini. Nyumba nyingi zina njia mbili: bomba la mtaani linalokwenda moja kwa moja jikoni na uani, na njia ya simtanki inayokwenda bafuni na kwenye hita. Simtanki lililo mita tano juu ya koki hutoa nusu baa tu, presha ambayo haina ubavu wa kupiga kishindo cha maana. Ikigonga njia ya simtanki, tafuta pampu. Ikigonga njia ya mtaani, tafuta koki inayofunga haraka kupita kiasi. Mara nyingi mkosaji ni mashine ya kufulia, ambayo valvu yake ya umeme hufunga mara moja, au koki ya kisasa ya mkono mmoja ambayo watoto huipiga kofi.

Tiba si ya kubahatisha. Presha ikizidi baa tatu au nne hufungwa kipunguza presha pale bomba linapoingia nyumbani. Mabomba yanayoning'inia darini hubanwa kwa vibano vyenye mpira. Karibu na mashine ya kufulia hufungwa kipande cha bomba kilichosimama wima, kimezibwa juu, chenye hewa ndani ya kupokea kishindo. Kipande hicho hujaa maji baada ya muda, kwa sababu hewa huyeyuka ndani ya maji, na kelele ikarudi. Hapo mtu hufunga maji yote, hufungua koki za chini hadi bomba liwe tupu, na hewa ikaingia tena. Hakuna kitu cha kununua.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba kishindo hicho hicho kimewahi kufanyiwa mkutano Arusha, tena kikipewa heshima zote. Kuanzia tarehe 29 Mei hadi 1 Juni 1984, wahandisi kutoka nchi mbalimbali walikaa mjini hapa kujadili pampu ya haidramu, mashine isiyotumia dizeli wala umeme. Chanzo chake ni Joseph-Michel Montgolfier wa Ufaransa, mmoja wa ndugu wawili wa lile puto la hewa moto, aliyeitengeneza mwaka 1796. Maji ya mto huteremka kwenye bomba la chuma hadi kasi yake itoshe kuifunga valvu. Valvu inapobamizwa, kishindo hutokea, nacho husukuma kiasi kidogo cha maji kupitia valvu ya pili, ndani ya tungi lenye hewa, kisha juu kilimani. Presha ikishuka, valvu ya kwanza hujifungua na mambo yanaanza upya, makumi ya mara kwa dakika, mchana na usiku, kwa miaka. Kampuni ya Jandu Plumbers ya hapa hapa Arusha ilikuwa ikizitengeneza. Katika nchi yenye vijito vinavyoporomoka kutoka Meru na Kilimanjaro, kile kinachomnyima usingizi mtu wa Njiro kilipandisha maji mashambani bila kulipiwa senti ya nishati.

Kelele ya pili ni ya mgao. Maji yanapokatika, mabomba yaliyo juu hubaki matupu na kujaa hewa. Yanaporudi, hewa husukumwa mbele na kutoka kwenye koki ya kwanza iliyo wazi: bomba linakohoa, linatema, linatulia, linakohoa tena. Huu si ugonjwa. Fungua koki ya juu kabisa kidogo kidogo, acha hewa itoke, na usifungue shawa ya umeme kabla maji hayajatulia, maana koili inayopata umeme ikiwa kwenye hewa badala ya maji huungua kwa sekunde chache. Mita za maji zenye panga ndani huweza kuzungushwa na hewa pia, sababu mojawapo ya kutokuacha koki wazi ukisubiri maji yarudi.

Arusha imeujua mgao vizuri sana. Mnamo Desemba 2018 liliwekwa jiwe la msingi la mradi wa AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, wa shilingi bilioni 520, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, uliolenga kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku, visima vingine vikichimbwa nje ya mkoa, wilayani Hai. Mabomba mapya yaliyojaa maji muda wote hukohoa mara chache. Lakini presha mpya ikiingia kwenye mabomba ya zamani ya nyumba ambayo kwa miaka yalizoea maji dhaifu, nyumba iliyokuwa ikikohoa inaweza kuanza kugonga.

Hatari halisi ya mgao iko juu ya paa. Sola nyingi za Arusha ni za mirija ya kioo yenye kuta mbili na ombwe katikati, maji yakizunguka ndani ya mrija wenyewe na kupanda kwenye tenki kwa nguvu ya joto tu. Mrija mtupu ukikaa juani, joto la ndani hupita digrii 200. Fikiria sasa simtanki limekauka tangu asubuhi, jua la saa saba limewaka, na maji yanarudi ghafla yakiwa na digrii 18. Kioo hupasuka kwa mlio mmoja mkali, na mara nyingi si kimoja. Mwenye nyumba husikia “pa!” juu ya dari na kudhani mtoto wa jirani karusha jiwe. Dawa yake ni koki ndogo kwenye bomba linaloilisha sola: maji yakikatika, ifunge; yakirudi, ifungue jioni baada ya magharibi, au alfajiri kabla jua halijapanda.

Tenki hilo la sola lina pia kibomba cha kupumulia juu yake, na nyigu hupenda kujenga ndani yake kwa udongo. Kikizibwa, maji yanayotolewa kwa kuoga huacha nafasi isiyo na hewa, na bati jembamba la ndani hubonyea kwa kishindo kizito kinachosikika hadi uani. Kupanda ngazi mara mbili kwa mwaka na kijiti ni kazi ndogo mno ukilinganisha na kununua tenki.

Kelele ya tatu, ya kuunguruma, inahitaji mtu atulie kidogo, kwa sababu hapa mafundi waliosomea kazi Dar es Salaam hukosea wanapofika Arusha.

Birika likikaribia kuchemka huimba. Karibu na kitako chake maji hupata moto kwanza na kutoa mapovu ya mvuke. Mapovu hayo hupanda, hukutana na maji yaliyo baridi zaidi juu, na kuporomoka ndani yake. Kila anguko ni pigo dogo, na maelfu yake ndiyo sauti tunayoisikia. Mwanasayansi wa Uingereza, Lord Rayleigh, alianzia kwenye birika la namna hiyo, kama lilivyoelezwa na Osborne Reynolds kabla yake, alipoandika mwaka 1917 hesabu ya povu linaloporomoka, hesabu iliyosaidia kueleza kwa nini rafadha za meli zilikuwa zikiliwa mashimo. Povu ni dogo, lakini presha inayozaliwa pale katikati linapojifunga ni kubwa ajabu.

Hita inayounguruma hufanya kazi ya birika mahali ambapo haikukusudiwa. Thamostati imewekwa digrii 60, lakini sehemu fulani ya koili imefunikwa na kitu kinachozuia joto kutoka, hivyo pale maji huchemka wakati tenki lote bado ni vuguvugu. Kwa Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, kwenye visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe, kitu hicho karibu kila mara ni chokaa. Ni hivyo hivyo London, ambako maji hutoka kwenye miamba ya chaki, na Mtanzania aliyehamia huko hujifunza mapema kwamba boila yake ikianza kuvuma imekwisha kujijengea ganda. Fundi wa pwani akisikia muungurumo huleta tindikali ya kuyeyusha chokaa bila hata kufungua.

Maji ya Meru yana tabia tofauti. Miamba ya volkano ya mlima huu huyapa sodiamu na baikaboneti kwa wingi lakini kalsiamu kidogo, na bila kalsiamu ya kutosha ganda la chokaa halijengeki. Uhaba huo huo wa kalsiamu ndio unaoacha floridi ielee majini, maana kalsiamu ingekuwepo ingeishika na kuizamisha. Kwa hiyo meno ya kahawia wanayojulikana nayo watu waliokulia Usa River, Ngaramtoni na vijiji vya jirani, na usafi wa matumbo ya mabirika yao, ni matokeo ya maji yale yale. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa miaka mingi kabla ya kushuka kwenye kiwango hicho. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulika na mkaa wa mifupa, ambao huinasa floridi maji yanapopita. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa kuchemka, floridi iliyobaki huwa nzito zaidi.

Tukirudi kwenye hita: ikiunguruma Arusha, kabla ya kulaumu chokaa angalia birika la jikoni. Likiwa safi ndani baada ya mwaka wa matumizi, chokaa si mkosaji wako. Visima hutofautiana, na birika husema kweli kuliko ramani. Mkosaji wa kawaida hapa ni mchanga na tope laini la volkano linaloingia mvua za masika zinapochafua vyanzo, likajikusanya chini ya tenki na kuizika koili. Tiba ni kuzima umeme, kuacha maji yapoe, kufungua koki ya chini na kumwaga hadi maji yatoke meupe. Chujio dogo kwenye bomba linaloingia huzuia tope lisirudi.

Urefu kutoka usawa wa bahari nao una neno. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Arusha mjini huchemka kwa digrii 95 hivi, na kwenye kibanda cha Saddle cha Mlima Meru, mita 3,570 kutoka usawa wa bahari, ambako wapandaji hulala kabla ya kufika kileleni, ni digrii 88 tu. Maharage yatapikwa hadi wapagazi wachoke. Tenki la sola lililo wazi kwa hewa kwa hiyo huchemka mapema zaidi Arusha kuliko Tanga. Familia ikisafiri wiki nzima mwezi wa Februari, hakuna anayeoga, jua linawaka, na sola hugugumia juu ya paa mchana kutwa huku mvuke ukitoka kwenye kibomba. Turubai juu ya nusu ya mirija hulimaliza tatizo hilo.

Kuna kelele za jioni, tik, tik, tik, ambazo hazina dhara lolote ila huchosha akili. Bomba la PPR la mita kumi likipashwa joto kwa digrii 40 hurefuka karibu sentimita sita. Chuma cha urefu huo hakifikishi hata milimita tano. Plastiki iliyobanwa pande zote mbili hujipinda, husugua mbao ya dari, na kila inapoteleza hutoa tiki moja. PPR yenye tabaka la nyuzi za kioo katikati hutanuka kidogo sana kuliko PPR ya kawaida na inafaa kwa maji ya moto, ingawa bei yake huwafanya wajenzi wengi wajifanye hawajaiona dukani. Kabla ya kugusa chochote, funga maji ya moto jioni moja na usikilize. Tiki zikiendelea, ni mabati yanapoa baada ya jua, na bomba halina kesi.

Kelele ya nne ndiyo inayokula yuniti za umeme wa LUKU. Nyumba imelala, hakuna koki iliyofunguliwa, lakini pampu inajiwasha sekunde tatu, inazima, inajiwasha tena baada ya dakika kumi. Pampu haina kosa. Mahali fulani maji yanatoka, na mara nyingi ni tenki la msalani ambalo mpira wake umechakaa. Tia rangi kidogo ya chakula ndani ya tenki hilo usiku. Asubuhi rangi ikionekana kwenye bakuli, umempata mkosaji. Ikiwa pampu inajiwasha na kuzima haraka haraka hata mtu anapooga, tatizo ni tungi la presha lenye mfuko wa mpira ndani. Zima pampu, mwaga maji yote, kisha pima hewa ya tungi kwa kipimo cha upepo wa tairi kwenye valvu yake. Pampu inayojiwasha kwenye baa 1.4 huhitaji tungi lenye hewa ya baa 1.2. Ikiwa valvu inatoa maji badala ya hewa, mfuko umepasuka.

Pampu inayovuma bila kuzunguka kwa kawaida imechoka kapasita. Inayosaga kama imemeza kokoto inakosa maji upande wa kuvuta, na yale mapovu ya Rayleigh yanaporomoka juu ya mapanga yake. Simtanki linalovuma kama tarumbeta linapokaribia kujaa lina boya linalocheza juu ya mawimbi yake mwenyewe na mpira wa valvu uliokakamaa. Mpira mpya hugharimu kidogo.

Zipo kelele chache ambazo hazisubiri fundi. Hita inayonguruma mfululizo huku mvuke ukitoka kwenye koki ya moto ina thamostati iliyokwama. Zima umeme kwenye swichi kuu, usifungue koki yoyote, toka chumbani, subiri ipoe. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600, na tenki lililofungwa halina nafasi hiyo. Ndiyo sababu valvu ya usalama haifungwi kwa plagi, hata kama inadondosha maji na kuudhi. Kudondosha kidogo hita inapowaka ni kawaida: lita 100 zikitoka digrii 20 hadi 60 huongezeka kwa lita moja na nusu, na valvu ya kuzuia maji kurudi imefunga njia nyingine zote. Boila za kuni za kwenye loji, mapipa yale yaliyojengewa nyuma ya vyumba vya wageni, huhitaji bomba la kupumulia lililo wazi angani kwa sababu hiyo hiyo.

Na shawa ya umeme ikitoa mlio mwembamba wa zzz unaokatika-katika, si maji hayo. Ni waya uliolegea unaotoa cheche. Shawa ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 24, na waya mwembamba uliounganishwa kwa gundi ya karatasi juu ya kichwa cha mtu aliyelowa hautakiwi kupewa nafasi ya pili. Swichi izimwe, fundi wa umeme aitwe, na aangalie kama waya wa ethi upo kabla ya kitu kingine.

Kwa zile zisizo za dharura, uchunguzi unakwenda kwa kufunga sehemu moja baada ya nyingine. Funga njia ya mtaani usiku mmoja. Usiku wa pili funga inayokwenda kwenye hita. Wa tatu zima pampu. Kelele itakayopotea ndiyo inayoonyesha njia yake, mradi hujagusa vitu viwili usiku mmoja. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi za Arusha haziwezi kufanyiwa jaribio hili, kwa kuwa zina koki moja tu ya kufungia, ile ya kwenye mita. Koki tano za ziada, moja kwa kila tawi, moja kabla ya hita na moja kabla ya sola, huwekwa kwa nusu siku wakati kuta bado ni matofali matupu. Fundi anayejenga sasa hivi Muriet au Olasiti anaweza kuulizwa leo ziko wapi, kabla hajaanza kupiga lipu.